Faili Lililokaa Angani

Sifa na shukrani ni zako, ee Mungu, uliyeusimamisha mlima mahali pake bila kumwomba mtu ushauri, ukaufunika kwa mawingu na kuufunua upendavyo. Umenipa miaka mingi, macho ambayo bado yanasoma, na subira kidogo kuliko wanavyodhani watu. Nisaidie nilieleze jambo hili kama lilivyokuwa, nisijipambe wala nisimwonee mtu.

Nilikuwa mwinjilisti, ambaye kwetu watu humwita Mwalimu. Nilihudumu miaka mingi katika mitaa ya upande wa magharibi na kaskazini wa Meru, na nilipostaafu nikajenga nyumba ndogo Moshono, karibu na binti yangu. Siku ya kuagwa, usharika ulinipa zawadi mbili: kompyuta ya kupakata, iliyokwisha kutumika, na kinasa sauti kinachoingia mfuko wa shati. Nafikiri walitarajia nitaandika mahubiri. Nilifanya jambo lingine. Nilirudi kwa wazee wa Kiarusha niliowafahamu tangu nikiwa kijana, nikawaomba wanitamkie baraka kama walivyozipokea kwa baba zao. Mzee hutamka neno moja, na wote waliokaa hujibu "Naai", ambako ni kumwita Mungu athibitishe, kama sisi tusemavyo Amina. Chuoni tulifundishwa kuwa waangalifu na baraka hizo. Nilipozeeka nikaona kwamba nyingi zinaomba mvua, watoto na amani kwa maneno machache kuliko yangu.

Kinasa sauti hakijui majina ya watu. Kila mazungumzo kiliyapa namba tu. Na nilipoyahamishia yote kwenye kompyuta kwa siku moja, yote yakaandikwa tarehe ya siku ileile. Yalikuwa zaidi ya mia tatu, kwa sababu mzee mmoja husema, hunyamaza, huletewa chai, huanza tena.

Ningeweza kuandika majina. Sikuandika, kwa kuwa nilikuwa na njia niliyoiona bora. Nilikuwa na picha ya Meru niliyoipiga nikiwa nimesimama barabarani Oldonyo Sambu, mlima wote ukiwa mbele yangu. Niliiweka hiyo iwe picha ya kioo cha kompyuta, kisha kila faili nikalivuta hadi mahali anapokaa mzee mwenyewe. Wa kando ya msitu niliwaweka kando ya msitu. Wawili waliochangia kisima niliwaweka pamoja. Nikimtaka mzee fulani, sikusoma namba. Niliufuata mlima kwa kidole kama nilivyoufuata kwa miguu, nikamkuta nyumbani.

Mmoja tu, mwenye faili moja kwa kuwa alisema yote bila kupumzika, hakupata mahali. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya mgongo wangu nilipopiga picha, upande unaoshuka kwenda mbugani. Nikamweka juu kabisa, pembeni kulia, palipokuwa na anga tupu. Wakati huo alikuwa hai, na sikukusudia maana yoyote.

Elerai kuna mama mmoja mwenye duka la steshenari, ambako nilizoea kuchapisha karatasi za ibada. Ni Mkatoliki kutoka Kilimanjaro, na mkono wake wa upangaji ni wa ajabu. Kalamu zake husimama kwa rangi, bahasha kwa ukubwa, na kioo cha kompyuta yake kilikuwa na ua moja jeupe na alama nne tu, zimejipanga chini kama watoto wa komunyo ya kwanza. Aliniambia ana kundi mtandaoni la watu wanaoonyeshana vioo vya kompyuta zao na kukosoana.

"Kukosoana kwa nini?" nikamuuliza.

"Kwa kuwa tunapendana, Mwalimu. Ukipita mtu na shati limechomoka, si unamwambia?"

Akaniingiza kwenye kundi kwa simu yangu. Watu walikuwa wa Mwanza, Dodoma, Arusha, na wengine sikujua ni wa wapi. Jumapili mchana ndiyo ilikuwa zamu ya kuonyesha. Mama akaandika: "Leo mgeni wetu mzee atuletee mandhari yake tuichambue."

Niliposoma mandhari, nilielewa kama nilivyofundishwa shuleni. Nilitoka barazani. Meru ilikuwa wazi siku hiyo, na kulikuwa na kamba ya nguo mbele yake. Nikapiga picha, nikatuma.

Majibu yalikuja upesi.

"Mlima mzuri ila umeegemea kulia. Usogeze katikati."

"Siwezi kuusogeza," nikaandika.

"Hizo nguo kwenye kamba ni za mtindo gani, babu? Zinaharibu mpangilio."

"Ni za mjukuu. Zikikauka zitaondoka."

Walicheka muda mrefu kabla mtu hajanihurumia. Aliyenieleza alikuwa mmoja aliyetumia picha ya jogoo badala ya uso wake. Sikuwahi kujua kama ni mwanamume au mwanamke. Lugha yetu haimlazimishi mtu kusema, naye hakusema. Jogoo akaandika: "Zee, tunataka mandhari ya kompyuta. Hiyo uliyotuma ameshaichambua Mungu, akaona ni njema."

Nilikubali kwamba jibu hilo ni la mtu anayesoma maandiko. Nikaifungua kompyuta na kupiga picha kioo chake kwa simu. Sikujua kwamba kompyuta yenyewe inaweza kujipiga picha. Kofia yangu na miwani yangu vilionekana ndani ya kioo, katikati ya mafaili.

"Kuna mzee amejificha msituni!"

"Jamani, hii ni kompyuta au ni soko la Jumamosi?"

"Mafaili mia tatu juu ya mlima. Huo mlima hauumwi mgongo?"

Jogoo alikuwa mkali kuliko wote, na mwenye kuangalia kwa makini kuliko wote. Alisema alama zimefunika uzuri wa picha. Alisema mafaili mawili, yale ya wazee wa kisimani, yanakanyagana. Yako mengine mengi aliyoyasema ambayo sikuyatilia maanani siku hiyo. Nilijaribu kueleza kidogo, nikaona naonekana najitetea, nikaacha. Hukumu ya kundi ikatoka: safisha, babu.

Hapa naomba kusema ukweli. Hakuna aliyenilazimisha. Mama wa steshenari mwenyewe aliniambia, nilipokwenda dukani kwake, "Kama yanakufaa hivyo, Mwalimu, waache waseme." Lakini kwa miezi mingi hakuna mtu aliyekuwa ameniambia nimefanya vizuri. Mwinjilisti huzoea kuambiwa. Watu humshika mkono mlangoni baada ya ibada. Nilipostaafu hilo lilikoma, na sikujua kwamba nilikuwa na njaa nalo. Nikamwomba anionyeshe jinsi ya kusafisha. Ilikuwa kubonyeza mara mbili tu. Wazee wote wakateremka mlimani kwa pamoja, wakapanga foleni upande wa kushoto kwa namba zao. Nikaviringisha foleni hiyo ndani ya mkoba mmoja wa mafaili, nikaiondoa picha ya Meru, nikaweka rangi ya kijivu.

Jumapili iliyofuata nilionyesha tena. Walinipigia makofi kwa vijipicha vingi vya simu. Jogoo akaandika, "Sasa hapo umekuwa mtu, babu." Nililisoma neno hilo zaidi ya mara moja. Wakanishauri pia nifute picha za zamani kwenye simu ili isijae, nikafuta, pamoja na ile yenye kofia yangu.

Nilikuwa na hakika nitawarudisha wazee mahali pao siku nyingine, kwa kuwa nawajua wote. Nilisahau kwamba nilijua watu na mahali pao, lakini namba sikuwahi kuzijua.

Yule mzee wa angani alifariki katika msimu wa mvua uliofuata. Nilikwenda kumzika. Sikufikiria faili lake.

Kisha Jumamosi moja, saa moja asubuhi, gari dogo la kukodi lilisimama mbele ya nyumba yangu, akashuka mjane wake. Alinisalimu kwa Kimaa, nikamjibu, nikamkaribisha chai. Hakutaka kukaa. Alisema ameshuka mjini kuchukua vitambaa vya sherehe, kwa kuwa leo saa nane ni sendofu, sherehe ya kumuaga binti yao wa mwisho anayeolewa, na amepitia kuchukua baraka zake.

"Baraka gani, yeyo?" nikamuuliza. Ndivyo tunavyomwita mwanamke mwenye heshima ya mama.

"Za baba yake. Alipokuwa mgonjwa binti alimuuliza, nani atanibariki nikiolewa? Akamwambia, za kwako nimeshazisema, nimemwekea mwalimu. Siku yako ikifika, mama yako akazichukue."

Nilikumbuka. Alikuwa amewabariki watoto wake mmoja mmoja, na huyu wa mwisho alimwita kwa jina la utotoni na kukaa naye muda mrefu kuliko wengine.

"Kwa nini hukuja mapema?" Niliuliza vibaya, kama anayetafuta wa kumlaumu.

"Amana huchukuliwa siku yake," akajibu. "Kwani ingeharibika?"

Nilifungua kompyuta. Ni nzito kuamka, na kila faili hutaka dakika yake kabla ya kutoa sauti. Nilifungua la kwanza: upepo, mbwa, mtu anauliza kama chai ina sukari. La pili: wazee watatu wanaongea kwa pamoja. Mwanzo wa mazungumzo yote ulikuwa hivyo, na sauti za wazee wenye ugoro hufanana. Mjane alisimama nyuma yangu akisikiliza. Kila sauti ilipoanza aliinua kichwa, kisha akakishusha. Saa tatu na nusu nilikuwa nimefungua arobaini, na katika moja kati ya hayo nilikuwa mimi mwenyewe nikikohoa.

Nikaacha kufungua, nikamwambia ukweli. Nilimweleza kwamba kila mzee alikuwa na mahali pake kwenye picha ya mlima, na kwamba niliwaondoa nikawapanga foleni ili watu wasionijua wanisifu.

"Mwalimu," akasema, "ng'ombe wa watu wamelala kila mmoja kwenye boma lake. Wewe umekwenda kuwatoa, umewapanga barabarani kwa urefu wa pembe, sasa unauliza yupi ni wa nani?"

"Ndivyo nilivyofanya."

"Haya. Aliyekusaidia kuwapanga yuko wapi?"

Tulikwenda Elerai kwa gari lile lile, kompyuta magotini pangu, vitambaa vya sherehe magotini pake. Ilikuwa njia ya kwenda kwao, kwa hiyo hatukupoteza kitu. Dukani kulikuwa na watu wanasubiri fotokopi. Mama aliposikia habari alishika kichwa.

"Aisee! Mwalimu, si nilikuambia waache waseme?"

"Uliniambia."

"Haki ya Mungu nilikuambia." Akawageukia wateja: "Subirini kidogo, kuna baraka imepotea hapa." Hakuna aliyelalamika. Mmoja alisogeza kiti mjane akakaa.

Mama alipandisha mazungumzo ya kundi kwenye simu yake, juu, juu zaidi, hadi ile Jumapili. Picha yangu yenye kofia ilikuwa kivuli cha ukungu tu. Alipoigusa, simu ikasema picha haipatikani tena. Akaandika kwenye kundi kwa herufi kubwa: nani anayo picha ya kwanza ya babu, ile ya mlima, inatakiwa sasa hivi.

Tukasubiri. Mashine ya fotokopi ilikuwa bado inanguruma.

Wa Dodoma akasema hana. Wa Mwanza akatuma picha ya mlima mwingine. Kisha Jogoo: "Niiweke ya nini? Ilinikera, niliifuta siku ileile. Kuna nini?"

Mama aliweka simu mezani. Ilikuwa inakaribia saa tano. Mjane alianza kukunja upya vitambaa vyake ingawa vilikuwa vimekunjwa.

"Baba yake mdogo atambariki," akasema, si kwangu hasa. "Yupo. Ni mtu mzuri."

"Binti atakubali?" Mama akamuuliza.

"Atainamisha kichwa. Lakini ataniuliza, mama, ulikwenda? Nitamwambia nilikwenda."

Mama, ambaye hawezi kukaa mikono mitupu, aliichukua simu tena na kuanza kusoma maoni ya siku ile kwa sauti. Nafikiri alitaka tu kuona kama kuna mtu aliyenitetea.

"'Kuna mzee amejificha msituni.' Huyu mjinga. 'Mlima hauumwi mgongo.' Huyu naye. Jogoo sasa, msikilize: 'Na hiyo namba mia mbili kumi na nne iliyopanda mbinguni peke yake, imekosa nini? Imefukuzwa darasani?'"

"Rudia," nikasema.

"Imefukuzwa—"

"Namba."

"Mia mbili kumi na nne. Na wewe ulijibu hapa chini, ona: 'Huyo nyumba yake iko nyuma ya mpiga picha.'"

Nilikuwa nimejibu, nikasahau. Katika maneno yote ya kejeli ya siku ile, ni moja tu lililotaja faili kwa namba, na lilitaja lile lililomkera mtu kwa sababu ya kukaa peke yake.

Tuliifungua kompyuta juu ya meza ya kukatia karatasi. Mia mbili kumi na nne ilichukua dakika yake. Kwanza upepo. Kisha mwanamke anauliza kwa Kimaa kama wageni watakula. Mjane akainuka kwenye kiti.

"Huyo ni mimi," akasema.

Mama wa steshenari alifanya ishara ya msalaba, kisha akawaambia wateja kwamba fotokopi zinaendelea.

Kabla hatujaondoka, Jogoo aliuliza tena kuna nini. Mama akamweleza kwa kifupi. Akaandika: "Kwa hiyo mimi ndiye niliyeipata?"

"Wewe ndiye uliyeisema," Mama akamjibu. "Mengine muulize Mungu."

Tulifika Oldonyo Sambu saa saba na nusu. Turubai lilikuwa limefungwa, na kijana wa muziki akaunganisha kompyuta yangu kwenye spika zake. Mshehereshaji alitaka tuanzie kwenye baraka zenyewe, kwa kuwa ratiba ilikuwa ndefu, na mzee alikuwa ameanza na habari za ng'ombe mmoja mwekundu aliyekataa kunyonyesha. Mjane akakataa.

"Mwacheni aseme habari za ng'ombe," akasema. "Alikuwa hawezi kuanza bila hao."

Basi watu mia kadhaa wakasikiliza habari za ng'ombe. Binti alikuwa amekaa mbele, shanga zake hazitikisiki. Baba mdogo alikuwa pembeni na kibuyu cha maziwa, akingoja zamu yake bila kinyongo. Kisha sauti ikabadilika, ikapoa, ikaanza kuwataja watoto. Katika kinasa sauti waliojibu walikuwa wachache: mkewe, jirani mmoja, na mimi. Sauti yangu ndiyo iliyokuwa karibu na kinasa, ikasikika kuliko zote, "Naai," kavu, kama mtu anayeitika jina lake darasani.

Alipofika kwa wa mwisho na kumwita kwa jina la utotoni, binti aliinamisha kichwa kama vile mkono umewekwa juu yake. Mzee akatamka: uende ukiwa mtamu. Akanyamaza. Safari hiyo jibu halikutoka kwenye spika peke yake. Turubai zima lilijibu, na sauti yangu ikafunikwa, sikuisikia tena hadi mwisho. Nashukuru kwa hilo.

Baba mdogo akamnyunyizia maziwa, na sherehe ikaendelea na mambo yake.

Nilipumzika siku moja, kisha nikaanza kazi niliyopaswa kuifanya mwanzo. Kila asubuhi baada ya sala nasikiliza mafaili matatu au manne, naandika chini ya kila moja jina la mzee na la mahali, kwa daftari pia. Nimevuka nusu. Picha ya Meru nimeirudisha, na kila ninayemtambua namvuta hadi kwake. Wawili wa kisimani bado wanakanyagana. Ndivyo walivyokuwa hata walipokuwa hai.

Mama alinifundisha kompyuta kujipiga picha yenyewe, na Jumapili moja nilituma tena kioo changu kwenye kundi, bila kofia. Maoni yalikuwa mabaya kama ya kwanza. Jogoo alichelewa kujibu. Kisha: "Babu, ile mia mbili kumi na nne umeirudisha kulekule juu. Bado inanikera."

"Nimeiona," nikaandika. "Endelea kukereka."

Nawe msomaji uliyefika hapa, Mungu akuweke mahali ambapo wakikutafuta watakuona. Amana uliyowekewa na watu isipotee mikononi mwako, na ikipotea, ulimi wa anayekucheka uwe ndio unaokurudishia. Watoto wako waitwe kwa majina yao. Na mtu akikutakia mema, awe karibu au awe ameshakwenda, usikose wa kukaa nawe na kusema: Naai.